Nipe Sauti, Mama Neema

Mpendwa Baba Neema,

Huko uliko huna theluji ya kuondoa mlangoni, basi tulia unisikilize. Ulipokuwa hai uliniitikia "mm" tu, vidole viko kwenye nyuzi za gitaa.

Jana alasiri walikuenzi kwenye ule ukumbi wa mjini Saint Paul ulimopiga miaka yote. Kuta zimejaa picha zako, na ile kofia yako niliyoichukia wameitundika kabisa! Wazee wa muziki wa bluzi walikuja, mmoja ameendesha gari kutoka Chicago. Na vijana, jamani! Wanakutazama mtandaoni unavyopiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama alivyokufundisha mjomba wako Kakamega, nao wanaiga hivyo hivyo. Binti mmoja wa Kizungu alinionyesha sugu ya gumba lake akijivuna. Nikacheka, kisha nikalia.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa unafua mashuka ya hoteli kule Bloomington. Mzee mmoja baani akakuachia gitaa lake ujaribu, ukapiga wimbo wa kwenu wa msibani. Akasema, "Kijana, hiyo ni bluzi." Ukamjibu, "Hapana mzee, huo ni wa matanga." Kuanzia siku hiyo wewe na gitaa hamkuachana.

Mwalimu wetu wa kwaya alinuna, eti muziki wa walevi. Ukamwambia, "Mwalimu, Daudi naye amelalamika Zaburi nzima, na hakuna aliyemfukuza." Nilijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo nisionekane nikicheka.

Halafu ile tabia yako! Hukutaka kale kamashine ka kulinganishia nyuzi za gitaa. Kila onyesho, kabla ya wimbo wa kwanza, ulinitafuta kwa macho na kusema, "Mama Neema, nipe sauti." Nami nakuimbia noti moja, kama mwalimu anavyoipa kwaya sauti, nawe unakaza uzi mpaka ulingane nami. Watu walidhani ni mbwembwe. Mimi nilijua unaogopa, na ukishanisikia hofu inakuisha.

Tangu tukuzike sijaimba, mume wangu. Kanisani nakaa nyuma kabisa, nikifungua mdomo sauti haitoki. Neema naye alilisukuma gitaa lako chini ya kitanda chake huko Eagan, asitake hata kuliona. Hilo ndilo lililoniumiza: kwamba wageni watabaki na mkono wako, na nyumbani kwako kuwe kimya. Walipomwomba apige jana, aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hajui kama ataweza.

Basi akapanda jukwaani na gitaa lako, kumbe alikuwa amelitoa chini ya kitanda. Akagusa nyuzi, zikalia ovyo, maana hakuna aliyezigusa tangu wewe. Mtu akamletea kale kamashine. Akatikisa kichwa. Akaanza kuangalia huku na huku kwenye viti mpaka akaniona. Mtoto huyu, ambaye nikimwuliza kama amekula hujibu kwa Kiingereza, akasema mbele ya ukumbi mzima, "Mama, nipe sauti."

We! Nikasimama. Sauti ya kwanza ilitoka imekwaruza, nikakohoa, watu wakangoja. Nikaanza tena, ikatoka. Ikatoka, Baba Neema! Akakaza uzi polepole mpaka tukalingana, nikamwona mabega yakimshuka, kama yako.

Akapiga ule wa matanga, kwa gumba na shahada. Akakosea palepale ulipokuwa ukikosea wewe.

Leo asubuhi amenipigia kabla sijaenda shifti. Anataka Jumapili aje kanisani na gitaa, mradi nikae mbele. Nimemwambia nitakaa mbele. Mwalimu akinuna, nitamkumbusha Daudi.

Bado nakukasirikia kidogo kwa kutangulia. Lakini pumzika sasa, usiwe na wasiwasi na nyuzi zako. Sauti ninayo.

Mkeo,
Mama Neema