Uvimbe Tuliouzika Nawe

Maina,

Mwaka unakaribia kwisha tangu tukuzike, na hasira haijanitoka. Nakuandikia kwa sababu wewe pekee nyumbani ulikuwa ukinisikiliza mpaka mwisho.

Ulipopasuliwa hapa Nakuru, daktari alimkabidhi Baba Mdogo chupa yenye kipande cha uvimbe wa utumbo wako. "Mzee, peleka maabara Nairobi." Basi. Hakusema kwa nini. Baada ya uchaguzi barabara zikafungwa na vurugu, chupa ikakaa juu ya kabati, nawe ukafa. Baba Mdogo akaiweka jenezani, miguuni pako. "Mtu huzikwa mzima," akasema. Mimi, mwandishi wa gazeti ninayelipwa kuuliza maswali, nilinyamaza.

Mwezi Juni nilimwendea daktari wa saratani. Nikamtajia baba yetu, aliyekufa na miaka arobaini na mitatu. Shangazi, arobaini na sita. Wewe, arobaini na mmoja. Wote utumbo. Akaweka kalamu chini.

Alinieleza kwamba seli ikinakili maandishi yake ya urithi hukosea, hasa pale herufi zinapojirudia, na mwili una namna ya kusahihisha. Kuna familia ambazo usahihishaji huo hurithiwa ukiwa na kasoro. Ukikatika kabisa, makosa hurundikana mpaka uvimbe unaota. Nikasema ni kama gazeti lisilo na mhariri. "Ndiyo," akasema, "ila huku hakuna kuomba radhi kesho yake."

Kipande chako kingeonyesha kama ndivyo ilivyokuwa kwetu. Sasa hakifai tena.

Kuhusu Baba, watu walisema ni pombe. Shangazi, karogwa. Wewe, nyama za vibanda vya barabarani Salgaa. Na tangazo lako la kifo gazetini niliandika mwenyewe: "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Sijawahi kuchapisha sentensi ya aibu kama hiyo.

Nilipoitisha kikao cha ukoo ili sote tuchunguzwe utumbo kwa kamera, Baba Mdogo alinifokea kwamba naita kifo. Binti yako Wanja, na miaka yake ishirini, akaweka kikombe chini, akamgeukia babu yake huyo. "Guka, kifo kishatuzoea hapa. Mimi naenda kupigwa hiyo kamera."

Tunakwenda Jumanne, mimi na yeye, kila mtu na zamu yake. Nitampeleka tena kila atakapoambiwa arudi, hata ukoo wote ukininyima chai. Na akiniuliza ulikufa kwa nini, nitamwambia jina la ugonjwa: saratani ya utumbo.

Pumzika, ndugu yangu.