Dakika Saba Hadi Naro Moru

Mwalimu Gathogo,

Ni Zuhura. Nimekaa mezani hapa nyumbani Skuta, mjini Nyeri, karatasi za mtihani za Kidato cha Tatu nimezisukuma kando. Miezi miwili imepita tangu tukuzike, na kuna habari ambayo sina mwingine wa kumpa. Nilijaribu kumweleza mume wangu. Alisikiliza vizuri, lakini hakuuliza swali hata moja, na wewe wajua habari ya fizikia isiyoulizwa swali ni kama haijasikika.

Nianzie safari zetu. Figo zako zilipochoka, ukawa unakuja hospitalini Nyeri kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu kwa mashine. Jirani yako alikuleta asubuhi, na mimi nikakurudisha Naro Moru jioni baada ya vipindi. Wewe ndiwe uliyenifundisha fizikia. Kukuendesha hakukuwa kazi. Ulitoka pale uso umekauka, ukalala hadi Kiganjo, kisha ukaamka na kuuliza, "Leo umefundisha nini?"

Siku moja nikakujibu kwamba wasichana wa klabu ya sayansi wanataka kutengeneza mfano wa gari la abiria linaloelea kwa sumaku ndani ya bomba lililoondolewa hewa, la kukimbia kilomita elfu moja kwa saa. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Barabara hii tu imetushinda, ati elfu moja!" Tangu siku hiyo hatukuwa na mada nyingine. Mimi nilishikilia kwamba inawezekana: hewa haipo, gari haligusi reli, basi ni nini cha kulipunguza mwendo? Wewe ukasema atakayelipunguza ni abiria mwenyewe, maana hakuumbwa kwa chuma.

Kisha nikakualika shuleni. Mercy, yule mdogo mwenye sauti nyembamba, alieleza mfano wao vizuri kabisa. Ukamwuliza, "Bomba likitoboka katikati ya safari, watu wako watapumua nini?" Hukumpa nafasi ya kufikiri. "Nimeuliza, watapumua nini?" Akaanza kulia mbele ya wenzake, nawe ukageukia dirisha.

Jioni ile garini nilikuwa na hasira, nikasema, "Wewe hupingi bomba, Mwalimu. Unapinga kesho kwa sababu hutakuwepo."

Neno lilinitoka. Ulitazama mashamba ya viazi mpaka tukafika langoni kwako. Ulishuka polepole, ukashika mlango, ukasema tu, "Ijumaa niko na kitu nitakuletea."

Nilidhani utaniambia nisije tena. Ulileta karatasi mbili za hesabu, mwandiko ukitetemeka, kila hatua imeandikwa kama ulivyotutaka tuandike. Ulichukua safari yetu wenyewe, Nyeri hadi Naro Moru. Ukaonyesha kwamba mwendo lazima uongezwe taratibu ili abiria asigandamizwe kitini, na upunguzwe vivyo hivyo. Kwa hivyo gari letu lingefika nusu ya njia kabla ya kuipata hiyo elfu moja, na papo hapo lingeanza kufunga breki. Na mahali palipo na mwendo kama huo, kona moja ingehitaji kuwa pana kuliko mlima wenyewe unaoonekana hapo kwenu. Nikajua umenishinda. Kisha nikasoma chini: "Hata hivyo, dakika saba. Sikutarajia." Na chini yake: "Treni ya reli, kilomita mia mbili kwa saa, dakika kumi na nne. Hizo saba za tofauti ndizo mnazozitafutia bomba. Waulize wasichana kama zinatosha."

Karatasi ya pili mwishoni ilikuwa na mstari mmoja kuhusu Mercy. "Mwambie pole. Swali lilikuwa la haki, sauti haikuwa."

Nilikuomba msamaha tukipita Kiganjo. Ukajibu bila uchungu wowote, "Ulisema kweli. Sitakuwepo. Ndiyo maana napiga hesabu mbio mbio."

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Ijumaa ile ya mvua kubwa, shule zikiwa zimefungwa, nilikuja kukuchukua mwenyewe asubuhi. Lori la mbao lilikuwa limelala barabarani kabla ya Kiganjo. Tulikaa pale kwa saa tatu. Miguu yako ilikuwa imevimba hadi umevua viatu. Ukasema, "Zuhura, leo bomba lako lingenifaa," ukacheka. Mimi sikucheka. Tulipofika zamu yako ilikuwa imepita, wauguzi wakakuweka kwenye mashine kwa saa mbili badala ya nne. Jumapili, watu wakienda kanisani, mkeo Mama Njeri akanipigia simu kwamba umetutoka.

Nilimwendea daktari kumwuliza. Alisema moyo wako ulikuwa umechoka kwa miezi mingi, na kwamba zile saa mbili zilizokatwa pengine hazingebadilisha kitu. Pengine. Nimelala na neno hilo, nikaamka nalo. Siku hizi halinibani kama mwanzo. Siku ya mazishi nilikuja na hijabu yangu nikitafuta pa kukaa nyuma, na akina mama wa kanisa lenu wakanisogezea kiti kando ya Mama Njeri. Alinishika mkono hadi mwisho. Hakuniuliza habari ya lori.

Basi habari yenyewe ni hii. Juzi, katika mashindano ya sayansi ya shule, wasichana walisimama na bomba lao mbele ya waamuzi. Mwamuzi mmoja akaliinamia, akauliza bomba likitoboka itakuwaje. Niliona Mercy akikaza vidole. Akasema, "Hewa itaingia yenyewe, na hiyo ndiyo itakuwa breki ya kwanza. Gari litasimama. Ndani tumeweka hewa ya akiba, na njia ya kutokea kila baada ya kilomita moja." Mwamuzi akamwuliza, sasa jambo hili linawezekana ama haliwezekani? Mercy akamwonyesha bango. Wameziandika safari zote mbili, ya dakika saba na ya kumi na nne. "Kwa sumaku na bomba, inawezekana. Kwa hapa kwetu, bado. Treni ya kawaida ndiyo tungeanza nayo."

Walipata nafasi ya tatu. Wa kwanza walikuwa na mtego wa kunasa fuko wanaokula viazi mashambani, na nadhani walistahili. Mercy alinuna hadi tukafika shuleni. Kabla ya kushuka akaniuliza kama zile dakika kumi na nne zinaweza kupunguzwa hadi kumi bila kuondoa hewa. Nilimwambia akapige hesabu.

Nami nimebadilika nusu, Mwalimu. Zamani niliuliza gari litakimbia kiasi gani. Sasa nauliza litasimama wapi. Bomba la kutoka Nairobi moja kwa moja hadi Nanyuki lingempita mgonjwa wa Naro Moru bila hata kumwona, na kila kituo unachomwongezea kinakula mwendo. Hili hatukulifikia. Ungenipinga mahali fulani, sijui wapi, na hapo ndipo ninapokukosa zaidi.

Mama Njeri hajatoka nje ya boma tangu tukuzike. Jana alinipigia, anataka nimpeleke sokoni Karatina Jumamosi. Akasema, "Lakini tusikimbie, Zuhura. Nataka kuona nani amepanda nini."

Nitamwendesha mwendo anaoutaka. Akisema tusimame, nitasimama. Na Jumamosi zitakazofuata nitakuwa langoni kwenu, awe na safari au asiwe nayo, hilo nakuahidi.

Pumzika, Mwalimu. Mungu akulaze mahali pema.

Mwanafunzi wako,
Zuhura