Kivuli Nilichokiita Nywele

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha tangu alasiri kama kawaida yake hapa Kakamega, na sasa imebaki ile ya kudondoka polepole kutoka kwenye bati. Nimefika nyumbani nikiwa nimelowa, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Sijapika. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Uongo huo. Najua vizuri sana.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, mimi ni mpiga eksirei katika hospitali moja mjini, na tangu mwaka jana niko pia kwenye mradi wa utafiti. Tunaifundisha kompyuta kusoma picha za kifua ili itambue dalili za kifua kikuu hata mahali ambapo hakuna daktari wa kuzisoma. Na huku kwetu madaktari wa kusoma picha ni wa kutafuta kwa tochi. Mtu anapigwa eksirei, picha inakaa ikingoja msomaji, naye anarudi shambani na kikohozi chake. Ndiyo maana niliupenda mradi huu. Bado naupenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Majina yote nimeyabadilisha. Aibu ni yangu, wao wasiingizwe.

Leo asubuhi aliingia mama mmoja, nitamwita Phanice. Anatoka upande wa Malava, anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani na mtoto mgongoni, msichana wa mwaka mmoja na kitu, anaitwa Ayuma. Mimi sikumkumbuka. Yeye alinikumbuka, akatabasamu kama mtu aliyekutana na shemeji sokoni.

"Sista, si ni wewe ulikuwa kwa ile kambi ya Disemba? Mlisema komputa imeona kifua yangu iko safi."

Nikasema ndiyo, ni mimi, nikatabasamu pia. Nilifurahi hata. Huwa nafurahi mtu akinikumbuka.

Alisema kikohozi kimekataa kuisha. Alidhani ni vumbi la unga, kwa sababu kwenye mashine ya kusaga kila mtu anakohoa na kila mtu anafanana na mzimu ifikapo jioni. Mhudumu wa afya wa kijijini alimwambia atoe makohozi yapimwe, akakataa. Kwa nini atoe ilhali alishapimwa na kompyuta? "Nilikuwa namwambianga, mimi nilipita kwa mashine kubwa, wewe unaniletea kamkebe."

Nilicheka aliposema hivyo. Sasa hivi nikikumbuka kicheko hicho natamani kujizaba kofi.

Nilimwomba afungue kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kipara kabisa, nywele ndiyo zinaanza kuota. Mama yake mzazi alifariki mwezi uliopita, na baada ya mazishi wakanyolewa, yeye na dada zake, kama inavyofanywa kwao. Nikampa pole. Nikamshika mtoto, dada wa mapokezi akaja kunipokea, nikapiga picha.

Picha ikatokea kwenye skrini.

Juu kabisa ya pafu la kulia, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, kulikuwa na wingu, na katikati ya wingu kulikuwa na tundu. Picha ya namna hiyo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeitambua.

Hapa lazima nieleze kuhusu nywele. Misuko ikilala begani inatoa kivuli kwenye eksirei, na kivuli hicho kinaangukia ncha za mapafu, mahali pale pale ambapo kifua kikuu hupenda kukaa. Kila mpiga eksirei hufundishwa hivyo mapema: mwambie mama ainue nywele, zifunge utosini, ndipo upige. Ni kazi ndogo tu, na huwa naifanya bila hata kuifikiria.

Lakini kambi ile ya kupima vifua huko Malava ilikuwa Disemba. Wanawake wa Malava walikuwa wametoka kusukwa kwa ajili ya Krismasi, misuko mirefu mipya, mingine ya jana yake. Kama hujawahi kusukwa huwezi kujua. Kichwa cha jana hakishikiki. Hata mto unakuumiza, hata kupiga chafya ni adhabu. Sasa wewe uje umwambie mtu akusanye huo mzigo wote na kuufunga juu? Wa kwanza aliinua akatoa machozi. Wa pili alikataa katakata, akasema bora aende nyumbani. Foleni ilizunguka uwanja wa shule, jenereta lilikuwa linakohoa kuliko wagonjwa, na jua la mchana halikuwa na huruma.

Na programu yetu, ambayo haijawahi kukaa kwa msusi hata siku moja, ilikuwa inapaka nyekundu kila msuko ilioona. Kwa macho yake, nusu ya wanawake wa Malava walikuwa na TB. Mmoja alianza kulia mbele ya watu kwa sababu ya rasta.

Kwenye timu yetu mwanamke ni mimi peke yangu. Nikasimama, nikasema waacheni na nywele zao, hayo mengine nitayamaliza kwenye kompyuta. Nilikaa mbele ya skrini, na kila programu ilipopaka nyekundu, mimi nikachora kisanduku juu yake na kuandika "nywele". Kivuli kinachopanda hadi shingoni kinatoka kwenye nywele, kwa sababu pafu halifiki shingoni. Nilikuwa na jicho. Nilikuwa na kasi. Vijana wa kompyuta wakaniita Mama Misuko, na kichwa kikanivimba. Niliandika hata hapa kwenye blogu, nikajipiga kifua, nikasema kuna mambo ambayo mashine itafundishwa na mwanamke tu.

Mama aliyechorewa kisanduku aliambiwa mapafu yako safi, nenda salama.

Leo nilipoona lile tundu nilimwomba Phanice kadi aliyopewa kambini, nikaitafuta namba iliyo juu yake, nikafungua picha yake ya Disemba. Msuko upo, mnene, umelala begani kulia, umepanda hadi shingoni. Kisanduku changu kipo juu yake. Na ndani ya kisanduku, chini ya msuko, kuna ukungu mdogo ambao haupandi kokote. Umekaa pale pale ambapo leo kuna tundu.

Ukishajua, unauona. Nimeutazama mara nyingi mno leo, na kila mara natumaini utakuwa umeondoka.

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Nilijiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia. Kwamba ulikuwa ukungu hafifu. Kwamba hata daktari angeweza kuupita. Kwamba Disemba Phanice hakusema anakohoa, angesema tungempima makohozi moja kwa moja. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia nilipomsikia Ayuma anakohoa kwenye benchi. Mtoto huyo analala kitanda kimoja na mama yake. Tangu Disemba.

Nilirudi ndani, nikamwambia Phanice kwamba kuna kitu kwenye pafu, kwamba kinafanana na TB na TB inatibika, dawa zipo na hazilipiwi, ila anywe mpaka mwisho. Nikampeleka mwenyewe kwa nesi wa kliniki ya kifua. Atoe makohozi leo na kesho asubuhi tena, na kesho mtoto naye apimwe. Alisikiliza vizuri. Hakulia. Alimpakata mtoto, akamtazama usoni.

Halafu akaniuliza, "Kwani hii kitu ilikuwa hapo Disemba?"

Nikasema, "Ilikuwepo. Kompyuta ilikosea."

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta, nimeiandika tena. Ndivyo nilivyosema. Ilitoka haraka, laini, kama kitu nilichokuwa nimekiweka tayari ulimini. Kompyuta haikukosea. Kompyuta ilipaka nyekundu pale pale palipokuwa na ugonjwa. Labda iliona nywele, labda iliona ukungu, sijui, lakini ilipaka. Ni mimi niliyeifunika.

Phanice akanishika mkono. Akasema, "Wacha kusikitika, sista. Hiyo ni mashine tu, mashine inakosanga." Yaani yeye, mwenye tundu kifuani na mtoto anayekohoa mapajani, na mama yake hajamaliza hata miezi miwili kaburini, ndiye aliyenifariji mimi. Na mimi nikakubali kufarijiwa.

Mchana sikula. Nilifungua picha nyingine za kambi, zile zenye visanduku vyangu. Zamani ningekuambia kwa dharau, hii nywele, hii nywele, hii nywele. Leo kila moja nilirudia kuitazama mara mbili, mara tatu. Nyingi ni nywele tu, naweza kuapa. Lakini kuna kadhaa ambazo siwezi tena kuapa. Na wenye mapafu hayo siwajui, kwa sababu kwenye utafiti picha huondolewa majina, inabaki namba. Ni utaratibu mzuri, unalinda siri za watu. Leo unawalinda hata dhidi ya mtu anayetaka kuwaambia warudi hospitalini. Ni mkuu wa mradi peke yake anayeweza kuruhusu namba zirudishiwe majina.

Na kuna baya zaidi. Visanduku vile havikuishia kambini. Baada ya Krismasi tulivitumia kuifundisha programu, ili siku nyingine ikiona msuko iuruke yenyewe bila kunisubiri. Ikajifunza vizuri, ilikuwa mwanafunzi hodari. Sasa inaruka msuko pamoja na chochote kilichojificha chini yake, kama nilivyofanya mimi, ila yenyewe haitachoka wala haitawahi kukutana na Phanice mlangoni.

Nilimpigia mkuu wetu, Daktari Andayi. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ndiye aliyepigania mradi huu uje huku badala ya kubaki Nairobi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Hiyo ni kesi moja," akasema. "Wageni wanakuja Jumanne kuona programu ikifanya kazi. Wakishaondoka tutaita watu polepole, na kwenye ripoti tutaandika kama mapungufu. Usituharibie sasa, tafadhali."

Nikasema, "Sawa, Daktari."

Siku mbili tu tangu nimjibu fundi wa bomba kwa ukali kwa sababu alichelewa. Mbele ya hili, nikawa mpole kama kondoo.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani niliendelea kulisikia lile neno, mapungufu. Nilipita mbele ya kibanda cha msusi karibu na soko, wasichana wamekaa kwenye viti vya plastiki, vichwa vimeinama, wanacheka. Kesho au kesho kutwa mmoja wao anaweza kupigwa eksirei, na programu yangu itamwambia yuko safi. Pengine yuko safi kweli. Mimi sina tena haki ya kusema "pengine".

Kwa hiyo muda mfupi uliopita, kabla sijaanza kuandika hapa, nilimtumia Daktari ujumbe. Nilimwambia siwezi kungoja Jumanne. Nilimwambia programu izimwe kwa wanawake waliosukwa mpaka tuifundishe upya, na majina yafunguliwe kesho, na kama hayatafunguliwa nitakwenda mwenyewe na picha hizo kwa wasimamizi wa maadili ya utafiti. Nilijikuta nimeandika "mandili" badala ya "maadili", nikarekebisha, nikatuma. Ameusoma. Hajajibu. Huenda wiki ijayo sina kazi ya mradi, nitabaki na chumba changu cha eksirei na mama zangu wa kuinua nywele. Hilo naliweza.

Lakini ujumbe ule ulikuwa rahisi, nimegundua. Nilimwandikia bosi, kwa simu, nikiwa na hasira, na hasira hubeba mtu. Kuna jambo jingine ambalo hasira hainisaidii.

Kesho asubuhi Phanice atakuja na makohozi yake. Atanisalimia kwa furaha, najua. Ataniuliza kama nililala salama. Anaweza kuniambia tena kwamba mashine inakosanga, na mimi nikitaka naweza kunyamaza, na hakuna mtu yeyote duniani atakayejua. Angeendelea kunishika mkono mpaka amalize dawa.

Nimejaribu kuyasema kwa sauti hapa chumbani, peke yangu, kama mtu anayejifunza mistari ya mchezo. Mama Ayuma, si kompyuta. Kompyuta ilikuonyesha, mimi nikafunika. Kila mara naacha kabla ya kufika kwenye neno "mimi".

Kesho nitaanza na neno hilo, kabla hajakaa chini, kabla hajanisalimia.