Shangazi Alipoitikia Karibu

Alhamisi, 2 Januari

Shangazi Fuatino kasoma ripoti yangu ya shule yote, hata maoni ya mwalimu wa ushonaji. Kisha, mbele ya watu: "Moelagi, mwanangu, njoo ukae kwangu Auckland, usome huko!" Nikajibu upesi, "Ndiyo, Shangazi. Asante, nitakuja." Mama akakohoa. Baba akaanza kutafuta mfupa kwenye samaki wa kopo. Furaha, nadhani. Miaka kumi na tisa Shangazi hajakanyaga Samoa — na amekuja, na amenichagua mimi!

Ijumaa, 3 Januari

Kesho tunampeleka kusini kuona maporomoko ya maji. Mama kapika kuku na majimbi ya njiani. Shangazi hajaligusia tena suala langu. Lakini mambo makubwa husemwa mahali pazuri. Atasema pale kwenye maji.

Jumamosi, 4 Januari

Hatukuyaona maporomoko.

Mlima tuliuvuka vizuri. Ukungu, halafu bahari yote chini yetu — Shangazi akapiga picha nyingi, nusu yake ni sikio la Baba. Kwenye kijiji kimoja nguruwe walikuwa wanakatiza barabara, tukapunguza mwendo. Pembeni familia inakula, nyumba wazi pande zote. Mama mwenye nyumba akainua mwiko: "Karibuni tule!"

Hata wale nguruwe wanajua jibu. "Asante, endeleeni!" — unapunga mkono, unapita.

"Asanteni sana!" akasema Shangazi. Akafungua mlango.

"Wifi," Mama akanong'ona, "wanatusalimia tu."

"Salamu gani ya mwiko? Tumeitwa! Kukataa ni utovu wa adabu."

Alikuwa ameshavua viatu.

Yule mama alibaki na mwiko hewani. Kisha akatabasamu, meno yote, macho hayamo. Sufuria moja ya tambi za pakiti, watoto watano. Watoto wakarudishwa nyuma na sahani zao. Mmoja akatumwa kwa jirani. Muda kidogo kuku akapiga kelele, akanyamaza. Halafu nikamsikia nguruwe mdogo — Mungu wangu, nguruwe!

Baba mwenye nyumba akatoa hotuba ndefu. Alimshukuru Mungu kwa wageni, "ingawa hakutudokeza." Baba naye akahutubia, ndefu zaidi, karibu yote ni kuomba radhi. Akawapa chakula chetu chote na mkeka mpya wa Mama. Shangazi akarudia kula. "Huko kwetu," akawaambia, "majirani hawakaribishani hivi!"

Tulikaa kwa muda wa saa tatu na nusu. Kwenye maporomoko tulikuta lango limefungwa.

"Tatizo la huku," akasema Shangazi, "watu hawajali muda." Akasinzia.

Mama mbele akasema polepole, "Amesahau kabisa. Mtu akikuita kwa adabu, unashukuru, unapita."

"Hayuko peke yake," akasema Baba. Akanitazama kwenye kioo.

Sikuelewa. Niliwawazia tu wale watoto na tambi zao.

Jumapili, 5 Januari

Kanisani. Shangazi aliwasimulia akina mama wote ukarimu wa kusini. Suala langu, hapana. Labda anaogopa wivu wa watu.

Jumatatu, 6 Januari

Anaondoka leo. Nimeandaa bahasha: cheti cha kuzaliwa, ripoti za miaka mitatu, picha nne ndogo, barua ya mchungaji. Nimeandika jina langu kwa mwandiko mzuri.

Nilimpa barazani, mizigo ikipakiwa. "Ni kwa ajili ya shule ya Auckland, Shangazi. Kila kitu kimo."

Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Akaitazama, akanitazama — akatabasamu, meno yote. Tabasamu hilo nimeliona. Juzi. Mkononi kulikuwa na mwiko.

Sasa kaingia ndani, anamtafuta Baba. Bahasha kaenda nayo. Nawasikia wananong'ona. Gari limeshawashwa, na hakuna anayetoka.