Namba Moja ya Uongo

Jumapili, 2 Novemba
Kanisa limetoka saa saba. Tai nimevua, viatu nimevua, redio nimewasha. Saa nane ni muziki wa country, na katika hii Emali yote hakuna mtu mwenye ruhusa ya kunisemesha kuanzia saa nane hadi saa kumi.
Daftari la albamu liko karibu kujaa. Za mwaka huu nimesikiliza kumi na tisa. Majina yao ni marefu, kwa hivyo nazipa yangu. Namba moja tangu Juni ni Ile ya Mjane. Mama wa miaka sitini, gitaa la kulia, sauti kama mtu anayeongea akichambua maharagwe. Namba mbili ni Ile ya Shamba Lililouzwa. Wimbo wa tano unahusu kisima kilichokauka. Huyo mzungu ni kama amewahi kuishi Makueni.
Jambo la ajabu. Mwende aliketi na mimi mpaka mwisho. Binti yangu, miaka ishirini na saba, ambaye tangu shule anaita hizi nyimbo za ng'ombe waliopotea. Leo ameuliza ile gitaa inaitwaje.
Sijaipenda.

Jumatano, 5 Novemba
Daftari limesogezwa. Huwa nalilaza kwenye droo ya cherehani, mgongo ukielekea ukutani. Leo mgongo ulielekea mlangoni. Nimeweka uzi wa bluu kwenye ukurasa wenye namba moja mpaka tano. (Daftari hili la siri, ninaloandika sasa, liko ndani ya gunia la vitambaa vya bitana. Hakuna anayependa bitana.)

Alhamisi, 6 Novemba
Uzi nimeupata sakafuni. Nyumba hii tuko wawili, na mimi sikuugusa.
Kwa hivyo Mwende anasoma. Si kwa faida yake. Mtu haanzi kupenda steel guitar, hilo gitaa la kulia, akiwa na miaka ishirini na saba, labda awe amefiwa. Anasomea mtu. Mtu anayetaka kujua mimi napenda nini.
Mwanaume.
Niandike wazi. Naogopa. Si kwamba ataolewa. Naogopa ataondoka tu, kama tulivyoondoka mimi na mamake. Tulijiona wajanja. Sikupeleka ntheo, wale mbuzi watatu tu wa kuhalalisha ndoa, mwaka baada ya mwaka, nikisema mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha mara nyingi. Alipofariki, kaka zake walisimama kando ya kaburi wakasema huyu ni msichana wetu, hamzikii hapa. Maiti ilingoja siku mbili nikitafuta mbuzi. Mwende alikuwa na miaka kumi na moja. Aliona yote.
Mwanaume anayejifunza albamu za baba bila kumjia baba ni mjanja. Wajanja nawajua. Nilikuwa mmoja wao.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimetega. Nimekata Ile ya Mjane, Mungu anisamehe, na kwa kalamu nyekundu nimeandika namba moja: Ile ya Buti Nyeupe. Nikaongeza jina lake kamili la Kizungu, lisimpotee mtu, na maneno haya: "Bora kuliko zote. Nalia kila nikisikia."
Ni takataka. Kijana wa buti nyeupe, ngoma za kompyuta, hakuna gitaa linalolia popote. Nyimbo kumi na mbili. Gari la pickup liko katika kumi na moja. Ule mmoja uliobaki ni kuhusu trela.
Hakuna mtu Emali ataitafuta kwa hiari. Atakayeitafuta ndiye.

Jumanne, 11 Novemba
Nimepita kwa Kioko, anayetuwekea nyimbo kwenye flash pale karibu na stesheni. Nikamwuliza tu, kama mtu asiyejali, siku hizi watu wanaitisha nini. Akaanza kucheka.
"Fundi, kuna mtu ameniitisha ile ya Buti Nyeupe. Yote. Nikamwambia ndugu, wimbo mmoja unatosha kukuumiza. Akasema hapana, weka zote kumi na mbili."
Nikamwuliza ni nani.
"Yule daktari wa ng'ombe wa Matinyani. Muthui. Mwenye pikipiki ya bluu."
Mwende anauza kwenye duka la dawa za mifugo. Ningejua mapema kama ningefikiria ng'ombe badala ya muziki.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimeenda dukani kununua dawa ya kupe. Sina ng'ombe. Mwende ameniuzia bila kuniuliza, na hilo ndilo limenitisha zaidi.
Muthui alikuwa nje akifunga sanduku la pikipiki. Mrefu, shati limepigwa pasi, kola imegeuzwa vibaya sana na fundi asiyejua kazi. Alikuwa anaimba chini chini. Wimbo wa saba wa Buti Nyeupe. Maneno yote, hata yale ya matairi. Aliponiona akanyamaza, akanisalimu kwa mikono miwili.
Salamu ya heshima. Hata mimi nilikuwa nayo.

Jumamosi, 15 Novemba
Mwende amesema anaenda Nuu kwa shangazi yake, dada yangu Kamene. Analala huko. Amebeba rinda la kijani nililomshonea Pasaka. Nani anavaa rinda la Pasaka kwenda kuchambua mbaazi?
Simu ya Kamene imezimwa. Pikipiki ya bluu haikuonekana mjini leo. Nimeangalia mara nne.

Jumapili, 16 Novemba
Sikuenda kanisani. Sikuwasha redio. Saa nane ilipita kama saa nyingine.
Nimekata suruali ya mwalimu mkuu fupi kwa inchi mbili. Miaka thelathini sijawahi.
Ameenda. Nimejua ameenda.

Jumatatu, 17 Novemba
Mwende amerudi saa sita, na Kamene nyuma yake na fimbo yake na midomo yake. Niliona aibu jinsi nilivyofurahi, nikajifanya natafuta uzi.
Kamene hakuketi. "Jumamosi cherehani ibaki imefunikwa. Kuna watu wanataka kukuona. Na uvae kofia nzuri, si hiyo ya kuchungia."
Nikauliza watu gani.
"Watu wenye mbuzi."
Mwende aliangalia chini. Nilienda nyuma ya nyumba nikakaa huko kidogo.

Jumamosi, 22 Novemba
Wamekuja. Wazee wanne kutoka Matinyani, Muthui, na mbuzi. Watatu. Dume mmoja, majike wawili. Nimewahesabu, nikarudia, mpaka Kamene akaniuliza kama nangoja wazae.
Dume amechinjwa, tumekula pamoja. Sasa hakuna mtu atakayesimama kando ya kaburi kubishana juu ya mtoto wangu. Hilo tu ndilo nililotaka.
Halafu mjomba wa Muthui akasimama, akasema kijana ameleta kitu kidogo cha kumfurahisha mzee. Spika ikatolewa. Nilijua kabla hawajaiwasha.
Buti Nyeupe. Zote kumi na mbili. Muthui aliniangalia kila wimbo ulipoanza, akingoja nilie, kama nilivyoandika. Kwenye wimbo wa tisa nikafuta macho. Alifurahi sana, maskini. Mwende alikuwa ameingia jikoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumapili, 30 Novemba
Mwende amehamia Matinyani juzi. Nyumba imekuwa kubwa. Nimepika chai ya watu wawili.
Saa nane nimefungua daftari la albamu, mara ya kwanza tangu nitege, nimrudishe Mjane mahali pake. Chini ya kalamu nyekundu kuna penseli, mwandiko wa Mwende, tarehe nane:
"Baba, wewe huwezi kulilia albamu isiyo na hiyo gitaa. Nimejua ni mtego. Nimempa hivyo hivyo. Nataka nione kama ataimaliza."
Kalamu nyekundu nimeiacha ilivyo.
Mjane atangoja mwaka ujao. Nimeweka flash aliyoniachia Muthui, nimesikiliza mpaka wimbo wa nne. Ni mbaya kweli. Nimeiacha iendelee.