Kaiser Aliyetobolewa Sikio

Jumatatu, 6 Oktoba
Manyunyu. Nimesahihisha madaftari hadi saa kumi, kisha nikateremka Soni kwa Bibi. Nimemwomba ule uzi wenye sarafu mbili: rupia ya Kaiser wa Ujerumani na shilingi ya mfalme wa Uingereza. Kila mtawala alileta kichwa chake, watu wakishike sokoni wamjue bwana ni nani. Baba yake Bibi aliwatoboa wote wawili sikioni kwa msumari. Alisema hawasikii. Nataka tundu hilo lionekane Ijumaa kwenye maonyesho ya shule. Bibi kakataa. Wifi yangu Zaina anakaribia kujifungua, na kwetu mtoto mchanga havuki kizingiti bila uzi ule kiunoni. Nimenuna njia nzima.

Jumatano, 8 Oktoba
Bibi kalegea. "Chukua, mwalimu. Ila mtoto akija uzi uko huko kwako, utanitambua." Kidato cha Kwanza wameweka karatasi juu ya sarafu, wakasugua penseli. Kaiser akatokea na kofia yake ya vita na tundu lake. Vicheko mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Naipenda kazi hii.

Alhamisi, 9 Oktoba
Zaina kapelekwa hospitali ya Bumbuli asubuhi. Wiki mbili kabla ya siku zake. Mgeni rasmi kesho saa nne. Nimewaahidi watoto. Nimemwahidi Bibi. Namwogopa Bibi zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mtoto wa kike. Wote salama. Saa tatu na nusu kaka kapiga simu: wameruhusiwa, wako njiani. Nimeuchukua uzi mezani, nikawaachia wanafunzi karatasi zao, nikadandia bodaboda. Kwa mwendo ule wa kuteremka Soni nimesoma dua zote ninazozijua.

Nimemkuta Bibi kasimama mlangoni kama trafiki. Zaina kakaa uani na mtoto. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Nimetoa shikamoo. Nikafunga uzi kiunoni mwa mtoto. Wakaingia. Ndipo Bibi akasema, "Marahaba."

Jioni mkuu wa shule kanipigia. Mgeni rasmi alisimama sana mbele ya zile karatasi, akauliza tundu la nini. Wanafunzi wakamweleza bila kumung'unya maneno. Kacheka, huku kajishika sikio. Nimecheka peke yangu jikoni hadi chai ikamwagika.

Jumapili, 12 Oktoba
Jua limetoka. Nimempakata mtoto uani. Kakojoa. Kalowa Kaiser, kalowa mfalme, limelowa na gauni langu. Bibi kaleta kitambaa, kamfuta mtoto, kanifuta na mimi. Sarafu kaziacha zikauke zenyewe.