Matairi ya Gari la Bibi Harusi

Waa, Kwale.
18 Februari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mwero,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba sana. Hujambo? Mkeo hajambo, na watoto? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa ajili ya hewa ya mashine za baridi kimepoa? Kama bado, unywe maji ya tangawizi, usingoje kuambiwa na daktari. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mvua hatujaiona, jua linatuchoma, na minazi ya nyuma ya nyumba inaangusha vidaka ovyo. Magoti yangu ni yale yale. Bado niko stoo ya hoteli kule Diani, nahesabu mafuta ya kupikia na makopo ya nyanya.

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu imenichosha. Nikikupigia, Mjomba Sanga ameshakupigia kabla yangu. Nikiweka neno kwenye kundi la familia, kila mtu ana mdomo, hata wasiojua usukani ukoje. Barua hii nimempa jirani anayerudi Muscat akutilie mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Najua umeshaambiwa kwamba gari lako halikumpeleka Yusra kwa mumewe Msambweni, na kwamba mimi ndiye niliyelizuia mbele za watu. Ni kweli, sikatai hata neno moja. Lakini umesimuliwa mkia. Ngoja nikupe kichwa.

Nianze na wewe, maana na wewe umenichukiza. Ulipopiga simu ukasema kwamba wewe ndiye mjomba wake Yusra, mama yake hayuko duniani, na kwa hivyo gari lako jekundu la mbio ndilo litakalompeleka, tulipiga vigelegele nyumba nzima. Mimi nililia. Kisha Mjomba Sanga akakwambia matairi yamekauka kwa kukaa bandani, yamepasukapasuka kama kisigino kisichoona mafuta. Nawe ukajibu nini? Chagueni yoyote yanayofaa. Yoyote! Gari ambalo ulikataza hata kuku wasipite karibu nalo, leo livishwe matairi yoyote. Mtu akimtuma mwenziwe kumnunulia viatu humpa kipimo, Mwero.

Mjomba naye unamjua. Aliendesha lori la mchanga tangu sisi tuko chuoni, na hakuna wa kumfundisha tairi. Alichuchumaa bandani, akatazama mbele, akatazama nyuma, akapiga paja. "Mpwa wangu kalaliwa," akasema. "Mbele membamba, nyuma mapana. Kauziwa viatu visivyo jozi." Nikamwambia huenda gari la aina ile limeumbwa hivyo. Akanijibu mbele ya wasichana waliokuja kutwanga viungo: "Twaiba, hata mbuzi ana miguu minne sawa. Kwangu mimi hakuna tairi la kambo." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Lakini ukifungua mlango wa dereva pana kibandiko, na mimi kazi yangu ni kusoma vibandiko. Kimeandika wazi: mbele 225/45/18, nyuma 245/45/18. Nikakipiga picha nikamwonyesha Duncan, dereva wetu wa hoteli, mtu wa bara lakini ana subira. Akanieleza kwamba namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani ni sehemu arubaini na tano katika mia za ule upana. Ya mwisho ni inchi za rimu. Gari lako husukumwa na magurudumu ya nyuma, ndiyo maana ya nyuma yakapewa upana zaidi, yashike barabara. Kwa hivyo hukulaliwa. Gari lilikuwa vile lilivyotakiwa liwe. Nikamwandikia Mjomba namba hizo kwenye karatasi, nikamtilia mfukoni mwa kanzu kwa mkono wangu.

Siku chache kabla ya harusi nilikuwa natoka kazini, nikashuka Kona ya Musa kununua iliki na mdalasini. Nikaliona gari lako limeinuliwa kwa jeki mbele ya kibanda cha mtu mmoja anaitwa Hesbon, muuza matairi yaliyotumika. Karatasi yangu, Mjomba alikuwa ameifungia tumbaku.

Hesbon akanikaribisha kwa meno yote. "Mathe, hizi ni za Japan, ziko fiti kabisa. Zote saizi moja, hakuna stress." Nikasoma ubavuni: 235/55/18, yote manne, yametoka kwenye gari refu la kubebea familia. Nyuma ni membamba kuliko yanavyotakiwa, mbele ni mapana kuliko yanavyotakiwa, na yote yamezidi kimo. Mjomba alikuwa anakifurahia hicho kimo. Gari litainuka, anasema, halitakwaruza tumbo kwenye matuta.

Nikatafuta tarehe, maana tairi nalo lina tarehe yake kama kopo, namba nne ubavuni. Nikaikuta 3114. Wiki ya thelathini na moja ya mwaka 2014, Mwero. Yusra alikuwa darasa la tatu. Kopo la maharagwe la umri huo mimi simpi hata paka wa hoteli.

Kisha nikapitisha kidole kwenye mifereji ya tairi. Kingo zake zilikuwa kali, mbichi. Lilikuwa kipara, likachongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, halafu likapakwa dawa nyeusi ya viatu ling'ae. Kidole changu kikatoka cheusi. Nikakinusa. Harufu ile naijua, na wewe unaijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye lile tairi la mbele lililopasuka karibu na Matuga na kumuua dada yetu Kahaso, naye amekaa kando ya dereva, amemwacha Yusra kwangu hajaota meno. Tulipokwenda mimi na wewe kuchukua vitu vyake, tairi lilikuwa limechanika, lakini ubavu wake bado unang'aa. Wewe ulilitazama ukageuka. Mimi nililishika.

Nilimwambia Mjomba pale pale, tairi moja moja, kibaya cha kila moja. Akanitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia. Halafu matairi yenyewe yakakataa kuingia, maana hayakuwa na nafasi, na kijibanda kizima badala ya kuona haya kikaleta nyundo. Fundi aliupiga ukingo wa madigadi yako, pale juu ya gurudumu, mpaka rangi nyekundu ikadondoka chini vipande vipande. Ule mfuniko wa plastiki wa ndani waliukata kwa msumeno wakautupa mtaroni. Mjomba amesimama kando, mikono nyuma, anasema, "Piga bwana, chuma hicho, si yai." Sijawahi kuona watu wakiharibu kitu kizima kwa bidii namna ile ili kitoshe kitu kibovu.

Gari lilifika Waa kwa kelele, kila kona likilia kama mtu anayekuna nazi. Nilipochungulia uani niliona bega la tairi la mbele limeliwa na ule ukingo hadi nyuzi zinachomoza. Hiyo ni kutoka Kona ya Musa mpaka nyumbani tu. Msambweni ni mbali zaidi ya mara mbili, na ile ni barabara ya lami ambayo watu hukimbia. Duncan akaniambia pia kwamba tairi likizidi kimo, kisahani cha mwendo hudanganya. Ukisoma mia, wewe umeshapita mia.

Nilimrudia Mjomba kwa adabu zote, nimejifunga kanga, nimekaa chini. Nikamwomba tukodi gari jingine. Akasema neno moja: Mungu ndiye dereva. Mwero, neno hilo linanichukiza kuliko dawa ya viatu. Kila mvivu wa kusoma namba humkabidhi Mungu usukani. Tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Hawa wanamfungua kwa makusudi, kisha wanainua mikono.

Basi siku ikafika. Gari limefungwa utepe na maua ya plastiki, matairi yamepakwa dawa tena yameremete, na watu wanapiga picha, wengine wameweka miguu juu ya tairi lenyewe. Nilisema nao tena. Shangazi mmoja akaniambia nina gere kwa sababu sikuolewa kwa gari. Hapo ndipo nilipoona maneno yamekwisha kazi. Nikafungua mlango, nikakaa kwenye kiti cha bibi harusi. Gari lako lina viti viwili, unajua. Nikafunga mkanda.

Mjomba akaja akasimama mlangoni. "Twaiba, toka." Nikamwambia atakayempeleka Yusra kwa matairi haya atanipeleka mimi kwanza. Hakuweza kuniburuta, wakwe wametumbua macho. Vigelegele vikanyamaza. Nilikaa mle na joto lile, jasho linanitiririka mpaka mgongoni, mwanamke mzima wa stoo na nyuso za majirani wote zimenigeukia, na sikutoka. Kisha Yusra akatolewa nje amevishwa, anapendeza, ananukia udi. Akaniona nimekalia kiti chake. Alinitazama tu, kwa macho yale yale ya mama yake.

Alipelekwa na Duncan, aliyekuja kama mgeni, kwa kigari chake cheupe ambacho hata hakikuwa kimeoshwa.

Sasa nimekuwa adui wa harusi. Mjomba Sanga ameapa hatatia mguu kwangu mpaka wewe mwenye gari useme nani alikosa. Wengine wananicheka barabarani, eti mbona hakuna kilichotokea. Hakuna kilichotokea kwa sababu gari halikutoka! Watu hawa wangeniamini kama ningewaonyesha maiti, na mimi maiti nimeshaona ya kunitosha. Sitaki kamwe kujua kama nilikuwa sahihi.

Kwa hayo yote ningenyamaza. Maneno ya watu hayanipunguzii uji. Lakini Yusra alikuja kutuamkia baada ya fungate, akabusu mikono ya wote waliokuwa barazani, akafika kwangu akanipita. Mtoto niliyemlea. Akaketi upande wa pili, akaulizia habari za kuku. Hilo ndilo linalonila, Mwero.

Nami sina la kumwambia. Unakumbuka tulimficha. Tulimwambia mama yake alikufa kwa ajali, kudra ya Mungu, basi, tukaona mtoto hana haja ya kujua habari za tairi. Habari ya marehemu wa upande wa mama husemwa na mjomba, ndivyo tulivyolelewa, na nikimwambia mimi leo itaonekana najitetea. Mjomba Sanga hawezi kuisema, maana akiisema atakuwa amejihukumu kwa matairi haya ya Hesbon. Umebaki wewe.

Kwa hivyo sikuombi unitetee kwa Mjomba, wala sikuombi radhi kwa ajili ya madigadi. Nakuomba umpigie Yusra. Gari usilitaje kwanza. Mwambie mama yake alikaa kiti cha mbele, kando ya dereva, na tairi linang'aa kwa dawa ya viatu, na watu wote waliokuwapo waliliona, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia toka. Halafu mwache mwenyewe afikiri kwa nini mama yake mdogo alikikalia kiti kile.

Nisalimie sana wifi yangu, umwambie kanga zake nimezipata na nimeshazifua mara ya kwanza. Watoto uwabusu mmoja mmoja. Mzee Chengo wa jirani anakusalimu na anauliza kama huko mnakula muhogo. Mkewe Shutu naye amepona mguu, anakusalimu.

Mola akuongoze uendako na urudiko, akupe riziki yenye heri, na akukutanishe nasi ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye hata nikikukasirikia,

Twaiba

N.B. Gari liko juu ya mawe. Yale matairi nimeyakata mbavu kwa panga, moja baada ya jingine, nisije nikasikia yamevishwa gari la mtoto wa mtu mwingine. Ukija, mbele ni 225/45/18 na nyuma ni 245/45/18, mapya, na tarehe uisome mwenyewe. Usiseme tena yoyote.